Mgeni wa Saa Nne na Karafuu Zilizo Jamvini

Wanachama wenzetu, baadhi yenu mtashangaa kuuona ukurasa huu, ambao kwa desturi hubeba khabari za miche, majamvi na mizani, safari hii umejaa khabari za nazi, iliki na ndizi mbivu. Mtuwie radhi. Katibu wenu hakuacha daftari akashika mwiko. Lakini tumejionea kwa macho yetu, tena kwa hasara yetu wenyewe, ya kuwa wakati wa msimu jiko la mkulima wa karafuu haliachani na jamvi lake, na atakayeliendesha vibaya la kwanza ataliharibu la pili.

Saa tunayoisema kila mmoja wenu aijua. Si ile chai ya alfajiri, ambayo mchumaji huinywa upesi kwa kipande cha muhogo kabla hajapanda mti. Wala si chakula cha mchana, ambacho kina wakati wake na watu wake. Ni ile saa nne ya asubuhi, anapobisha hodi mgeni aliyeshuka kwenye boti kutoka Unguja, au jamaa waliokuja kumtazama mtoto mchanga, au watu wa posa waliosema watapita mara moja tu. Mgeni wa namna hiyo huwezi kumpa chai tupu, wala huwezi kumwambia asubiri adhuhuri. Na saa hiyo hiyo ndiyo umande umekwisha, jua limeshika, karafuu za jana zataka kutandazwa na za juzi zataka kugeuzwa. Mikono ni ile ile, nayo yatakiwa pahala pawili.

Tutaanza na yaliyotufika sisi.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2023, usiku wa kuamkia Jumamosi, tulipigiwa simu kuwa mkwe wetu, bibi yao watoto upande wa mama, anavuka kutoka Unguja pamoja na dada zake wawili, na asubuhi watakuwa kwetu. Tulifurahi sana, na katika furaha ile tukafanya lile ambalo aghalabu wanaume hulifanya: tukaamrisha pilau. Tena si pilau peke yake. Pilau, sambusa na chapati za kusukuma, kwa saa nne ya asubuhi, katika nyumba yenye majamvi sita uani. Mama yao watoto alitutazama asiseme neno. Alfajiri kuku watatu wakachinjwa, na kila mwenye mikono akaingia jikoni: huyu asukuma unga, huyu akata vitunguu, huyu apepea moto. Karafuu aliachiwa kijana wetu wa miaka minane, na fimbo ya kufukuzia kuku waliobaki.

Wageni walifika, wakakaribishwa, sinia likatoka. Mkwe wetu alikuwa ametapika njia nzima, kwani bahari siku ile ilikuwa mbaya. Akala tonge mbili za pilau kwa heshima, akaisogeza sahani pole pole, akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani pana chai ya rangi na kipande cha mkate. Mkate hapakuwa. Tungali twamtafuta wa kumtuma dukani akalete boflo, mvua ikashuka. Mvua ya vuli mwaijua, haina salamu. Kijana akapiga kelele, na mtu wa kwanza kufika uani hatukuwa sisi, wala hakuwa mchumaji yeyote. Alikuwa ni mkwe wetu, mtu mzima, na kichefuchefu chake, kanga ameifunga kiunoni, anakunja jamvi kwa mikono yake miwili. Kabla hajaolewa Unguja alikulia Pemba, katika nyumba ya karafuu, nasi jambo hilo tulikuwa tumelisahau.

Majamvi mawili yaliokolewa. Manne yaliloa chapa chapa, na kwa kuwaonea haya wageni tukazirundika karafuu zile ukumbini na maji yake, tukarudi kukaa na watu mpaka alasiri. Tulipozifunua zilikuwa na moto ndani, na harufu yake haikuwa ya karafuu tena, ilikuwa ya kitu kilichochacha. Mkulima hana haja ya kuelezwa mwisho wake. Karafuu iliyorundikwa na maji huchemka yenyewe, ikapoteza ile rangi yake ya kahawia iliyokolea, ikapauka na kunywea. Na ukiianika baadaye hata siku kumi, hairudi ilivyokuwa. Kituoni zilipokewa kwa daraja la chini, na hatukuwa na la kusema. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kilo moja tu, au pungufu. Basi kila kilo tuliyoiharibu ilikuwa ni kilo tatu zilizopandiwa mti, zikachumwa, zikabebwa, zikachambuliwa usiku. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu pilau ile ina jina lake, nalo hatutaliandika hapa.

Usiku ule mkwe wetu akatuita. "Mwanangu," akasema, "mimi sikuja kula, nimekuja kuwaona. Ila ukitaka kunikirimu, nikirimu kwa kitu kinachopikika chenyewe." Kisha akakaa na binti yake wakizungumza mpaka usiku mwingi, nasi tukasikiliza kwa pembeni, kalamu mkononi. Mengi ya haya tunayoyaandika ni yake. Mengine ni ya akina mama wanachama tuliowauliza baadaye. Na machache tumeyajaribu wenyewe, tukayaunguza.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: chagua chakula kinachotaka moto, usichague kinachotaka mikono. Kitumbua ni kitu kizuri, hakuna abishaye, lakini humfunga mpishi mbele ya jiko mpaka cha mwisho kiive. Sambusa ni hivyo hivyo, na chapati ya kusukuma ndiyo mbaya zaidi, kwani yataka watu wawili. Bokoboko lataka mtu mwenye nguvu wa kulipiga mwiko. Lakini viko vyakula ambavyo ukishaviweka motoni havikuhitaji tena kwa nusu saa, na nusu saa yatosha kugeuza majamvi manne.

Neno la pili ni kuwa nusu ya kazi ifanywe usiku, watu wakiwa wamekaa wanachambua karafuu na kuzungumza, kwa kuwa sufuria laweza kuchemka pembeni bila ya kumwudhi mtu. Na la tatu, ambalo sisi tulikuwa hatulijui kabisa, ni kuwa mgeni hahesabu sahani. Anachokiona ni kitu kimoja kikubwa kizima katikati ya sinia, rangi mbili tatu zinazopendeza, na usafi. Weka sahani kumi za vitu vidogo vidogo, ataona fujo. Weka mkate mmoja mpana, wa duara, uliopanda vizuri na kuiva rangi juu, naye atauliza umepikwa na nani.

Basi tuanze na huo, mkate wa kumimina, kwa sababu huo ndio mkubwa wa sinia na ndio uliotuchukulia muda kuujua. Usiku osha mchele vikombe viwili, uuroweke. Alfajiri, baada ya sala, mwaga maji yote, usage mchele huo katika blenda pamoja na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki tano au sita zilizomenywa na kutwangwa. Saga mpaka ukiugusa kwa vidole usisikie chenga hata moja. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka, na mkate hutoka kama una mchanga. Umeme ukikatika, kama unavyopenda kukatika siku ya wageni, tumia unga wa mchele. Ladha hupungua kidogo, lakini mgeni hatajua. Mimina katika bakuli kubwa, funika kwa kawa, uende zako uani.

Baada ya muda wa saa moja utaukuta umeumuka na kufanya mapovu. Hapo tia sukari kikombe kimoja kisichojaa, na ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukatoa povu, ukoroge taratibu. Sufuria liwe limepakwa mafuta na limeshapata moto. Mimina, uache juu ya moto mdogo kwa dakika chache mpaka uone vitobo vimetokea juu na kingo zimeanza kushika. Kisha funika kwa kifuniko cha bati, uhamishie makaa juu ya kifuniko, na chini ubakishe machache sana. Moto wa juu ndio unaoivisha na kutia rangi. Kwa nusu saa hivi utakuwa tayari. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Kisha, na neno hili tunalisema kwa uchungu, uache upoe kabla hujaupindua. Wetu wa kwanza tuliufanyia pupa ukavunjika vipande vinne, tukavipanga sahanini na kuwaambia watu kuwa ndivyo ulivyo mkate wa shamba.

Wako waliotuambia kuwa wao huusaga usiku na hamira yake, ili asubuhi wapumzike. Katika joto la vuli msifanye hivyo. Utaamka uukute umechachuka na umemwagika mezani. Kinachorowekwa usiku ni mchele peke yake.

Pembeni mwa mkate tunaweka mbaazi za nazi. Hizi ndizo rahisi kuliko zote kwa nyumba ya karafuu, maana kazi yake yote huisha usiku. Ziroweke mchana, na watu wakikaa kuchambua ziweke motoni na maji mengi mpaka zilainike. Asubuhi huwa limebaki jambo la robo saa: tui jepesi, kitunguu, manjano kidogo, chumvi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, zikishaungana, tia tui zito, uepue mara linapoanza kutokota. Tui zito lisiachwe likachemka sana, litakatika, na mafuta yatasimama juu. Ukishazipakua weka ile pilipili juu, katikati, na kijani chake. Ni kitu kidogo, lakini tumewaona wageni wakiitazama.

Ndizi mbivu nazo hazina udhia. Chukua ndizi sita za mkono wa tembo, zilizoiva mpaka ganda limefanya madoa meusi, umenye na kuzipasua kwa urefu. Zilaze katika sufuria pana, zisipandane, utie tui jepesi vikombe viwili, sukari kidogo kwa kadiri ya utamu wake, iliki, na chembe ya chumvi. Ziache zichemke bila ya kufunikwa mpaka tui lipungue sana, kisha umwagie kikombe kimoja cha kasimile, yaani lile tui la kwanza zito, ulitikise sufuria kwa mikono miwili. Mwiko usiingie humo kabisa, utazivuruga. Katika sahani pana zipangwe kama miali ya jua, na kasimile katikati. Mtu akiona atadhani umeshinda jikoni.

Hapa itatubidi tuseme khabari ya nazi, kwa sababu nazi ndiyo kazi kubwa iliyobaki. Kwa vyakula hivi vitatu twatumia nazi nne, na kukuna nazi nne si mchezo. Mwenye friji na akune usiku, aziweke zilizokunwa ndani yake, asubuhi azikamue kwa maji ya uvuguvugu; la kwanza aliweke mbali, la pili na la tatu liwe la kupikia. Asiye na friji akune asubuhi, kwani tui lililolala nje halifai. Na hapa tuna shauri kwa wanaume: kazi hii haitaki ufundi wa mapishi, yataka mkono na mbuzi tu. Sisi siku hizi nazi twazikuna wenyewe, baada ya sala ya isha, na hakuna aliyetucheka ila jirani mmoja, naye sasa aja kuazima mbuzi yetu. Tui la dukani la boksi lipo. Kwa mbaazi lafaa. Kwa ndizi tunalikataa, mtu wa Pemba atalitambua kwa tonge la kwanza.

Kwa wanaopenda kitu cha chumvi, tunaye pweza, na huyu ndiye fakhari ya kisiwa. Watu humwogopa bure. Pweza aliyepondwa vizuri na kuoshwa hutiwa sufuriani bila ya maji, akafunikwa, akawekwa juu ya moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau, na ataiva kwa maji hayo hayo. Chumvi ije mwisho. Pweza wa kilo moja hutaka muda wa saa moja hivi, nawe katika saa hiyo humtazami ila mara mbili tatu, usije ukayakuta maji yamekauka. Mpike usiku ikiwa una friji. Ikiwa huna, mtie motoni alfajiri pamoja na kusaga mchele. Karibu na saa nne mkate vipande vyembamba vya mviringo, umchanganye na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, nyanya, pilipili, na ndimu mbili. Lakini minyiri miwili usiikate. Iache mizima uizungushe ukingoni mwa sahani. Hatujui kitu kingine cha shilingi chache kinachonyamazisha baraza namna hiyo.

Likipatikana shelisheli, litupwe zima juu ya makaa na maganda yake, ligeuzwe mara moja moja mpaka liwe jeusi pande zote, kisha lipasuliwe mbele ya wageni mvuke ukitoka. Kwa pweza yule ni rafiki yake.

Tambi za sukari mwazijua, hatutazirefusha: zikaangwe katika samli kidogo mpaka ziwe rangi ya mdalasini, na kwa pakiti moja tui jepesi vikombe viwili na nusu, iliki na zabibu. Angalieni tu sukari isitangulie. Tambi zikikutana na sukari kabla hazijalainika hubaki ngumu. Mwenye komamanga na anyunyize punje zake juu. Vuli ni wakati wa embe pia, nayo hutaka kisu tu.

Na mandazi? Mandazi nunueni. Kila mtaa una mama anayepika mandazi mazuri kuliko yetu sote, naye amezoea kazi hiyo na karai lake limeshapata moto tangu alfajiri. Mwambie jana yake akuwekee ishirini, uyapange katika sahani safi, ufunike kwa kawa. Si aibu hata kidogo. Aibu ni kumwambia mgeni kuwa umeyapika mwenyewe, kwa sababu mama yule atapita mchana kudai pesa zake.

Tumebakisha chai. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na imekuwa kwetu tangu mwanzo wa karne ya 19; lakini ingia jikoni mwa mkulima umwombe karafuu za chai, atakutafutia zile zilizovunjika vichwa, zilizobaki chini ya gunia. Huu ni uchoyo wa ajabu. Kwa birika la watu wanane zatosha karafuu nne tu, basi ziwe nne nzuri, zenye vichwa vyake, ambazo ukizibana kwa ukucha hutoa mafuta. Tia mdalasini kijiti kimoja, tangawizi iliyopondwa, iliki tatu, uchemshe maji na viungo kwanza, na majani ya chai yaje mwisho, yasichemke sana yakawa machungu. Iwe ya rangi. Maziwa yawekwe kando, anayetaka atatia. Usizidishe karafuu kwa kuwa ni zako. Zikizidi ulimi hufa ganzi, na ndizi zako za nazi hazitasikika.

Pana wenzetu watakaosema kuwa haya yote ni vyakula vya kila siku, na mgeni wa heshima asiyechinjiwa huona amedharauliwa. Hatuwapuuzi, kwani nasi ndivyo tulivyokuwa tukisema. Kama mgeni atalala, na apikiwe pilau usiku, karafuu zikiwa zimeshaingizwa ndani. Hapo kila mtu atakuwa na nafasi, na pilau yenyewe italiwa na watu wenye njaa. Tunachokisema ni saa nne tu. Tena tulipowauliza akina mama wanachama, katika mkutano wa baada ya msimu ule, kitu gani huwachosha zaidi wakati wa uchumaji, tulidhani watataja kuchambua, au kubeba. Mmoja akasimama akasema kuwa kuchambua wamezoea; kinachowavunja mgongo ni amri ya chakula inayotolewa saa nne ya usiku kwa ajili ya saa nne ya asubuhi. Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyempinga. Sisi tulikuwa tunaandika kumbukumbu za mkutano, na tuliinamia karatasi yetu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa.

Mkwe wetu alikuja tena Desemba 2024, safari hii na jamaa saba, na uani palikuwa na majamvi matano. Tueleze asubuhi ile ilivyokwenda, ili mwenye kutaka kuifuata aifuate. Usiku mchele ulirowekwa, mbaazi zilichemshwa, nazi tulizikuna, pweza alipikwa akawekwa kwenye friji. Saa kumi na mbili mchele ulisagwa. Saa moja na dakika kidogo mkate uliingia motoni, na watu wote wakatoka kwenda kutandaza majamvi, isipokuwa binti yetu mkubwa aliyebaki kutazama makaa. Saa mbili mkate ulitoka, ukawekwa upoe. Hapo jikoni hapakuwa na kitu cha kufanya kwa muda mzuri, na mama yao watoto alikwenda kuoga, jambo ambalo kwa siku ya wageni hatukumbuki kuliona kabla ya hapo. Saa tatu karafuu ziligeuzwa. Kisha ndizi na mbaazi zikatiwa tui, pweza akakatwa, mandazi yakaletwa. Sinia moja kubwa lilipangwa, mkate katikati, ndizi upande wa kulia, mbaazi upande wa kushoto, pweza mbele, na bakuli dogo la asumini likawekwa kwenye mkeka. Walioshughulika jikoni walikuwa wawili tu, na hakuna aliyekuwa na jasho.

Wageni walipofunuliwa kawa wakanyamaza kidogo. Shangazi mmoja aliuliza ni majirani gani waliokuja kusaidia.

Mkwe wetu alikula mkate vipande viwili, akala pweza, akala ndizi mpaka kasimile ya sahani ikaisha. Kisha akasimama na kikombe chake cha chai, akatoka uani peke yake, akainama kwenye jamvi la mwisho karibu na ukuta. Akaingiza mkono ndani ya karafuu, akachukua moja, akaijaribu kuivunja kati ya vidole viwili. Ilijikunja, haikukatika.

"Hizi bado jua la siku moja," akasema, akavuta kigoda akakaa kando ya jamvi.